Mteja aliyesema metadoni haimshiki

Swali: Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa mmoja wa pwani ya Tanzania. Kliniki ya metadoni, dawa ya kunywa inayotolewa kila siku badala ya heroini, yaani unga, ipo ndani ya uzio wetu, lakini ina wafanyakazi wake na mafaili yake. Kwetu kuna mazoea, ingawa hayajaandikwa popote, kwamba mteja anayetumia dawa za kulevya aache kwanza ndipo arudi tumtibu akili. Kijana mmoja wa miaka 27, aliyekaa kwenye metadoni miezi saba bila kugusa unga ingawa bangi hakuiacha, aliletwa na mama yake akisikia sauti na kukesha usiku. Daktari alimwanzishia karbamazepini, dawa ya kifafa inayotumika pia kutuliza hisia, na haloperidoli ya kupunguza sauti. Sauti zilipungua, lakini baada ya wiki mbili hivi akaanza kulalamika kwamba metadoni haimshiki, viungo vinamuuma, hatulii. Sisi tuliona anatafuta kuongezewa dozi ili apate stimu; wenzetu wa metadoni wakaona ni ugonjwa wa akili unaomsumbua. Sasa ni siku ya tisa hajaonekana, na tunasikia amerudi maskani. Tulikosea wapi, na mtu wa afya ya akili amhudumie vipi mteja ambaye bado anatumia?

Jibu:

Ndugu muuguzi, nitaanza na kijana wenu kabla ya kufika kwenye mazoea ya idara, kwa sababu karibu kila ninachotaka kusema kimo ndani ya kisa chake. Kwa maelezo uliyonipa, naamini alichowaambia kilikuwa kweli. Metadoni ilikuwa haimshiki, na sababu yake ilikuwa kwenye karatasi ya dawa iliyoandikwa katika idara yenu.

Karbamazepini, ambayo wengi wetu tunaiita Tegretol, hulifanya ini litengeneze kwa wingi zaidi vimeng'enya vinavyovunja dawa mbalimbali mwilini, na metadoni ni mojawapo ya dawa hizo. Kazi hiyo haianzi siku ya kwanza. Ini huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili au tatu kufikia kasi yake mpya, na ndiyo maana kijana hakulalamika mara tu alipoanza vidonge bali wiki mbili baadaye, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akiyahusisha tena mambo hayo mawili. Dozi ya metadoni aliyokunywa kila asubuhi kwenye dirisha la kliniki ilikuwa ileile, lakini kiasi kilichobaki katika damu kufikia usiku kilikuwa kimepungua sana, alfajiri ikawa inamkuta katika arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea. Mtu aliye katika hali hiyo ama aaminiwe na arekebishiwe dawa, ama ajitibu mwenyewe kwa kete ya unga. Njia ya kwanza ilipofungwa, akashika ya pili.

Karbamazepini haiko peke yake. Fenitoini na fenobabitoni, ambazo wagonjwa wengi wa kifafa wanazitumia katika kliniki zetu hizihizi, hufanya jambo lilelile. Rifampisini ya kifua kikuu ina nguvu zaidi ya zote, nayo hufanya kazi hiyo haraka, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza. Efavirenzi na nevirapini zilituletea tabu hiyo kwa wateja waliokuwa wakitumia dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, na moja ya faida za kuhamia dolutegraviri ambazo hazisemwi sana ni kwamba haigombani na metadoni kwa namna hiyo. Zipo pia zinazokwenda kinyume: flukonazoli, inayotolewa kila siku kwa fangasi, hupunguza kasi ya ini na kuipandisha metadoni katika damu, hata mteja aliyekuwa sawa akaanza kusinzia kupita kiasi. Kwa hiyo mtu wa afya ya akili anayemwandikia au kumpa dawa mteja wa metadoni anapaswa kujua kila kidonge kinachoingia kinywani mwake, kiwe kimetoka kliniki ya kifua kikuu, duka la dawa la mtaani au kwa jirani.

Lipo jambo la hatari kuliko yote hayo, nalo ndilo linalonifanya nikujibu haraka. Endapo metadoni ingekuwa imepandishwa ili kuifidia karbamazepini, halafu mtu akaisimamisha karbamazepini bila kuwaambia wenzake wa dirishani, ini lingerudi katika mwendo wake wa zamani ndani ya wiki mbili au tatu, na dozi ile kubwa iliyokuwa ya haki ingeweza kuua. Mteja angeweza kulala usiku na asiamke, na faili lingeandikwa kwamba alizidisha unga. Kila mabadiliko ya dawa za namna hii, kuanza au kusimamisha, ni habari ya kupelekwa kwa miguu hadi kliniki ya metadoni siku hiyohiyo, kwa maandishi, wala asiachiwe mteja jukumu la kuifikisha.

Mngejuaje kwamba hakuwa akitafuta stimu? Arosto ina alama ambazo nyingi kati yake mtu hawezi kuziigiza. Mboni za macho hupanuka, vinyweleo husimama kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, pua hutiririka, miayo haikatiki, jasho hutoka hata kukiwa na baridi, mapigo ya moyo huenda mbio, tumbo hunyonga. Ukimwita mteja asubuhi kabla hajanywa dozi yake, ukamwangalia kwa dakika 10 na kuandika ulichokiona, kisha ukamwangalia tena saa tatu au nne baada ya dozi, utakuwa na jibu lenye uzito kuliko ubishi wote wa ofisini. Ipo fomu ya alama 11 inayotumika duniani kupima ukali wa arosto, na kliniki yoyote ya metadoni inayo au inaijua. Hakuna sababu ya idara ya akili kutokuwa nayo.

Kuna mtego mmoja ambao hata wazoefu huingia. Haloperidoli huweza kumletea mtu hali ya kutotulia miguuni, akawa anasimama na kukaa, anatembea chumba kizima, anasema ndani ya mwili kuna kitu kinamsukuma. Ukimtazama kwa pupa utadhani ni arosto, na yeye mwenyewe huenda akaiita arosto kwa sababu ndilo neno alilonalo. Tofauti ni kwamba katika hali hii mboni hazipanuki, pua haitiririki, vinyweleo havisimami, na kunywa metadoni hakubadilishi chochote. Tiba yake ni kupunguza haloperidoli au kuibadilisha, pengine kwa kusaidiwa na propranololi. Kijana wenu, kwa jinsi ulivyomweleza, alilalamikia maumivu ya viungo na pia kutotulia, kwa hiyo huenda alikuwa na yote mawili kwa pamoja, jambo linalozidi kuonyesha kwamba alistahili kuguswa na kutazamwa mwilini kabla ya kuhukumiwa.

Nisijitoe katika lawama hii. Miaka yangu ya mwanzo kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimkatalia mama mmoja aliyekuwa akilia kwamba dawa haimtoshi, na nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu wiki moja kabla. Sikuuliza. Niliona kovu la sindano mkononi na nikadhani nimekwisha kumjua. Neno teja lina madhara hayo: likishamkaa mtu, kila anachosema huchukuliwa kuwa ni ujanja, na sisi tunaojiita wataalamu huacha kutumia masikio tuliyosomeshwa kuyatumia. Ni kweli kwamba wapo wateja wanaodanganya. Wengine wamewahi kuniibia simu mezani. Lakini mtu anaweza kuiba simu na bado akawa na arosto ya kweli.

Sasa nije kwenye mazoea yenu ya aache kwanza. Nayajua, kwa kuwa nimefanya kazi ndani yake, na hoja zake si za kipuuzi. Husemwa kwamba haiwezekani kujua kama sauti ni za ugonjwa au za bangi hadi bangi iishe mwilini. Kwamba dawa za akili hazifanyi kazi kwa mtu anayetumia. Kwamba wodi itavurugika. Hoja ya kwanza ina ukweli nusu, ya pili haina ukweli, na ya tatu inahusu ulinzi wa wodi, haihusu tiba.

Ukweli nusu wa hoja ya kwanza ni huu. Bangi, mirungi inayotafunwa usiku na mchana, methamfetamini na pombe ya muda mrefu vinaweza kumletea mtu sauti na shaka ya kupindukia, na mara nyingi dalili hizo hufifia ndani ya siku au wiki chache mtu akiacha. Zikivuka mwezi mmoja bila kitu chochote mwilini, tunaanza kufikiria ugonjwa unaojitegemea. Heroini yenyewe, kinyume cha wanavyodhani wengi, kwa kawaida haileti sauti. Kwa hiyo mtumiaji wa unga anayesikia sauti asiambiwe ni unga. Atafutiwe sababu nyingine, kuanzia bangi anayoichanganya humo, homa, malaria, maambukizi ya ubongo, jeraha la kichwa alilopata kwa kupigwa mtaani, hadi ugonjwa wa akili uliomtangulia. Lakini kutafuta sababu ni kazi inayofanyika mgonjwa akiwa anahudumiwa, wala haimlazimu kwenda nyumbani kwanza.

Chombo bora cha kazi hiyo ni mazungumzo ya historia yaliyopangwa kwa kufuata maisha yake. Ukimuuliza mtu alianza bangi mwaka gani na sauti mwaka gani, atakujibu lolote. Muulize badala yake kama sauti zilikuwapo alipofanya mtihani wa kidato cha nne, kama zilikuwapo mwaka wa korona, kama alikuwa akizisikia mfungo wa mwaka juzi alipokaa mwezi mzima bila kuvuta. Mwite mama uulize maswali yaleyale. Kipindi alichokaa jela au kijijini kwa bibi bila kupata chochote ni dhahabu kwa mpimaji, kwa sababu hicho ndicho kipindi cha kuacha ambacho mnakidai, naye alikwisha kukipitia. Kilichobaki ni kumuuliza kilikuwaje.

Kuhusu hoja ya pili, dawa za saikosisi, yaani za hali ya kusikia sauti na kuwa na shaka ya kupindukia, hupunguza dalili hata kwa mtu ambaye bado anavuta, ingawa hazifanyi kazi vizuri kama angekuwa ameacha. Na kuna upande ambao mazoea ya aache kwanza hayautazami kabisa. Wateja wangu kadhaa wameniambia kwa maneno tofauti jambo lilelile, kwamba unga ndio unaozinyamazisha sauti, au unaomwezesha mtu kulala bila kuyaona tena aliyofanyiwa utotoni. Kumwambia mtu wa namna hiyo aache kwanza ni kumtaka avue paa lake mvua ikinyesha, kwa ahadi kwamba tutakuja kujenga baadaye. Wengi hawarudi, na sisi huandika katika rejista kwamba mteja hakuwa tayari.

Inashangaza zaidi ukitazama jinsi huduma hizi zilivyopangwa tangu mwanzo. Metadoni na buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2005. Kliniki ya metadoni ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipofungua dirisha lake Februari 2011, ikiwa ya kwanza kuendeshwa na serikali katika bara la Afrika kusini mwa Sahara ukiondoa visiwa, ilikaa jirani na watu wa magonjwa ya akili. Wakenya walipoanza mwishoni mwa 2014 walianzia Mathari, hospitali yao kuu ya akili, na kule Dodoma huduma hiyo imewekwa Itega, chini ya hospitali ya akili ya Mirembe. Waliopanga walijua kwamba mambo haya mawili hukaa katika mtu mmoja. Tumejenga majengo karibu karibu, kisha tukapitisha uzio wa mafaili katikati.

Uliuliza mtu wa afya ya akili amhudumie vipi mteja anayeendelea kutumia. Jibu langu ni kwamba amhudumie kama mgonjwa mwingine yeyote, akiongeza maarifa fulani ambayo nitayagusa, mengine kwa kirefu na mengine kwa kupita.

La kwanza ni kuuliza. Kila anayeingia katika kliniki ya akili aulizwe kuhusu pombe, bangi, mirungi, unga, vidonge na sindano, kwa sauti ileile anayoulizwa kuhusu usingizi na hamu ya kula. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la ASSIST kwa vitu vyote na AUDIT lenye maswali 10 kwa pombe. Yoyote kati ya hayo yanafaa, ila yasiwe ya kutia tiki huku macho yakiwa kwenye karatasi. Usisahau vidonge. Diazepamu inapatikana mtaani kwa urahisi, na benzheksoli, ile Artane tunayoitoa wenyewe ili kuzuia kukakamaa kunakoletwa na haloperidoli, huuzwa maskani kwa sababu nayo ina stimu yake. Mteja anayeomba Artane kila mara huenda amekakamaa kweli, au huenda anaiuza. Mpime ukakamavu wa mikono yake, nawe utajua.

La pili ni namna ya kuzungumza. Mwanasaikolojia wa Marekani, William R. Miller, alieleza mwaka 1983 njia ya mazungumzo aliyoibua katika kazi yake na watu wenye tatizo la pombe, na njia hiyo imeenea duniani kwa sababu inatambua jambo ambalo wazee wetu wa usuluhishi walilijua zamani: mtu anayesukumwa hushikilia alipo. Ukimwambia mteja bangi inakuharibu akili, atakutajia watu watano wanaovuta na wana kazi zao. Ukimuuliza bangi inamsaidia nini na inamgharimu nini, kisha ukanyamaza, mara nyingi atasema mwenyewe, “Sista, nikivuta asubuhi sauti zinakuja jioni.” Hapo usiruke na ushindi. Mrudishie maneno yake, “Umegundua kwamba zinafuatana,” na umwache aendelee. Sentensi hiyo moja aliyoitoa yeye ina thamani kuliko hotuba yangu ya nusu saa, na kama leo yuko tayari kuhamisha bangi kutoka asubuhi hadi usiku tu, au kupunguza, hayo ni maendeleo ya kuandikwa kwenye faili.

La tatu ni usalama wa siku hiyo. Mteja akija akiwa amelewa au ananodi, yaani anasinzia kwa unga, hutafanya naye mazungumzo marefu ya tiba, lakini usimfukuze. Mkalishe mahali anapoonekana, hesabu pumzi zake, mpe maji, mpangie kesho. Asipewe metadoni wala diazepamu akiwa katika usingizi huo. Pumzi zikishuka chini ya 12 kwa dakika, mboni zikawa kama ncha ya sindano na midomo ikaanza kubadilika rangi, amezidisha, na kinachohitajika ni hewa na naloksoni, dawa inayoondoa athari ya unga na metadoni. Wengi husahau kwamba naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90 tu, wakati metadoni hukaa mwilini kwa zaidi ya siku nzima. Mtu aliyezinduka na kuomba kwenda nyumbani anaweza kuzama tena akiwa kwenye bajaji. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linapendekeza naloksoni iwafikie hata wale wanaoweza kushuhudia mtu amezidisha, yaani marafiki na ndugu. Kama hospitali yenu inayo kwenye chumba cha upasuaji tu, hilo ni jambo la kulipeleka kwa mganga mfawidhi. Na yeyote aliyetoka jela au wodini baada ya wiki kadhaa bila kutumia aambiwe waziwazi kwamba mwili wake umesahau. Dozi yake ya zamani inaweza kumuua, hasa katika wiki mbili za mwanzo.

Pombe ina hatari ya namna nyingine. Arosto ya unga humtesa mtu sana kwa siku tano hadi kumi lakini mara chache humuua mtu mzima mwenye afya, wakati mnywaji mkubwa wa gongo anayekatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili na kuchanganyikiwa vibaya siku ya tatu au ya nne. Wagonjwa wengi walioletwa wodi ya akili wakiwa wamefungwa kamba, wakiona wadudu ukutani, walikuwa wagonjwa wa kukosa pombe. Hao wanahitaji diazepamu, maji na vitamini B1 kabla ya glukosi, na wanahitaji hayo kwa haraka.

La nne ni siri. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 ni kali, na wateja wanaijua kuliko sisi. Anayehofu kwamba anachomwambia nesi kitafika kituo cha polisi hatasema kitu, na historia yote niliyoisifu hapo juu itakuwa hewa. Mweleze mapema nini kinaandikwa, nani anasoma, na katika hali gani utalazimika kusema, kwa mfano akiwa na nia ya kujiua au kumdhuru mtu. Ndugu nao waelezwe mipaka hiyo. Mama anastahili kusikilizwa sana, kwani ndiye anayekesha, lakini kusikilizwa si sawa na kusomewa faili la mtu mzima wa miaka 27.

Nyumba za upataji nafuu, wanakoishi pamoja watu wanaoacha dawa za kulevya, zimewasaidia wengi, huko Zanzibar hasa, ila nimewahi kukuta nyumba ambayo mteja wa skizofrenia alikatazwa vidonge vyake kwa hoja kwamba dawa ni dawa, akaletwa tena kwetu baada ya kukutwa uchi barabarani. Sikugombana na wasimamizi. Nilikwenda, nikakaa nao, nikaeleza tofauti ya kidonge kinachotuliza ugonjwa na kete, na nikawaachia barua yenye jina la dawa, saa ya kunywa na namba ya kupiga. Mteja wa pili tuliyewapelekea alikunywa dawa zake zote.

Kwa wanawake nitasema moja tu kati ya mengi. Heroini mara nyingi husimamisha hedhi, na metadoni ikimtuliza mwili, hedhi na uwezo wa kushika mimba hurudi, pengine bila yeye kujua. Mjadili uzazi wa mpango tangu wiki za mwanzo, na kwa sababu hiyohiyo usimwandikie valproeti, dawa nyingine ya kifafa na ya kutuliza hisia, kwa wepesi, maana humdhuru mtoto aliye tumboni. Akiwa mjamzito, metadoni isikatishwe. Kumkatisha ni hatari kwake na kwa mtoto kuliko kuendelea.

Nirudi kwa kijana wenu, kwani siku ya tisa ni siku nyingi. Mtafuteni. Kliniki nyingi za metadoni zina waelimishaji rika waliowahi kutumia na wanaozijua maskani zote. Mmoja wao aende na mama, wala msitume askari wala gari la wagonjwa. Akija, asipewe dozi yake ya zamani hata kama ataidai na hata kama kadi inaonyesha. Aliyekosa siku tatu mfululizo au zaidi hupimwa upya, na aliyekosa tisa kwa kawaida huanza tena chini, miligramu 30 au pungufu, kisha hupandishwa taratibu. Muulizeni lini alimeza karbamazepini mara ya mwisho, kwa sababu kama naye aliiacha siku hiyohiyo aliyoacha kuja, ini lake linarudi polepole katika hali ya zamani, na wenzenu wa dirishani wanapaswa kulijua hilo wakati wote wanapompandisha.

Karbamazepini isirudi. Daktari ajiulize kama kweli palikuwa na sababu ya kuiandika, maana kwa sauti na kukosa usingizi bila dalili za kupanda na kushuka kwa hisia, dawa ya saikosisi peke yake ingetosha. Kama kiimarisha hisia kinahitajika, valproeti inafaa kwa mwanamume, ila apimwe ini na homa ya ini aina B na C kwanza, kwani waliojidunga wengi wanazo. Haloperidoli na metadoni zote hurefusha muda wa umeme wa moyo. Kama kipimo cha umeme wa moyo kinapatikana, apimwe kabla na baada ya dozi kupanda, hasa ikipita miligramu 100, na apimwe pia akiwa ametapika au kuharisha sana. Olanzapini ikipatikana ni mbadala mzuri, uzito na sukari vikiangaliwa.

Kisha ombeni nusu saa kila wiki, siku yoyote, ambapo muuguzi mmoja wa akili na mmoja wa metadoni watakaa na orodha ya wateja walio pande zote mbili. Hamhitaji waraka wa wizara kwa hilo. Anzeni na majina manne au matano, na kila jina lisomwe pamoja na dawa zote anazomeza.

Na kabla ya hayo yote, siku atakayoingia mlangoni, kabla ya kumuuliza amevuta kete ngapi, mwambieni kwamba malalamiko yake yalikuwa na sababu, kwamba sababu hiyo mmeijua, na kwamba ilikuwa kwenye dawa mliyompa. Wewe mwenyewe ndiye uliyeandika swali hili, kwa hiyo nadhani ni wewe unayefaa kumwambia.